Kubadili injini ya pikapu ya zamani: moshi unagoma, kadi inagoma, tatizo liko wapi?

Hilux ya zamani haifi kirahisi. Bodi ikitoboka unachomelea, springi zikilala unaongeza jani, ila injini ikishachoka kabisa ndo unaanza kuulizia ya mtumba, maana kuagiza pikapu nyingine ya umri uleule ushuru wa uchakavu peke yake unakukatisha tamaa. Sasa hapa Dodoma kuna kitu kinajirudia sana, injini inafungwa vizuri tu, gari inawaka na inatembea, halafu baada ya muda trafiki barabara ya Singida anaisimamisha kwa sababu ya moshi, au mwenye gari anataka kuiuza mnunuzi anafungua boneti anakuta namba ya injini haifanani na kadi na biashara inafia hapohapo. Ukichimba unakuta kosa halikufanyika siku ya kufunga, lilifanyika siku ya kununua, injini ilinunuliwa tupu, bila vitu vyake na bila karatasi zake.

Kwahiyo nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako. Kama bado hujanunua soma yote, utaokoa hela.

Sheria inataka nini kwani?

Watu wengi wanaamini Tanzania ukibadili injini hakuna anayekuuliza, sio kweli. Kadi ya gari imeandikwa namba ya chasisi, namba ya injini, cc na aina ya mafuta, ukibadili injini kadi yako inakuwa inasema uongo mpaka uende TRA ukarekebishe taarifa. Upande wa moshi na usalama ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, ambayo inawapa polisi nguvu ya kukagua gari na kuizuia ikiwa mbovu, na ipo Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa za 2007, hizo zimekuwa zikisimamiwa na NEMC, baraza la mazingira la taifa. Mtaani mkaguzi anatumia macho na pua zaidi, ila usijenge gari kwa kutegemea kwamba mashine ya kupima moshi hutakutana nayo.

Mimi napenda kupanga kwa kipimo cha California, kule Marekani, kwa sababu wale jamaa ndo wakali kuliko wote kwenye hii mambo na kanuni yao inaeleweka hata kwa fundi wa Kizota. Injini inayoingia iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, isiwe ya zamani kuliko gari. Iwe ya gari za daraja lilelile, yaani usichukue injini ya lori ukaweka kwenye pikapu. Na ije na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi vilivyotoka nayo kiwandani, masega (kile kichujio cha gesi kwenye ekzosi), EGR (vali inayorudisha ekzosi kidogo kwenye injini), sensa, kontroli boksi (kompyuta ya injini), kopo la mkaa la mvuke wa petroli, kila kitu. Wakimaliza wanapeleka gari kwa mkaguzi maalum anaitazama kifaa kwa kifaa halafu anaibandikia lebo. Sisi hatulazimishwi hivyo, lakini ukifuata hayo matatu moshi haukusumbui, na ukiruka mojawapo ujue ndo hiyohiyo itakayokurudisha gereji.

Injini imeletwa, haikai

Dalili: fundi alisema "hiyo italala tu mkuu", sasa injini inaning'inia kwenye cheni, sampu (bakuli la oili la chini) inagonga difu ya mbele au mauntingi hazikutani na chasisi, na fundi ameshashika mashine ya kukatia.

Mwambie aiweke chini kwanza. Kwa Hilux za dizeli za zamani njia rahisi kuliko zote ni kubaki kwenye familia ya L. 2L ina cc 2,446, 3L ina 2,779, 5L ina 2,986, ni ndugu kabisa, mauntingi na gia boksi vinakubaliana bila vita. Shida inakuja pale 3L au 5L imetoka kwenye Hiace, bloku ni ileile ila sampu, kifyonzea oili na mabraketi vimetengenezwa kwa ajili ya Hiace. Hapo usikate kitu, hamisha sampu na kifyonzea cha injini yako ya zamani, na ndo maana injini iliyokufa huiuzi chuma chakavu mpaka mpya iwe imekaa na imewaka.

Ukitaka 1KZ-TE, ile ya tabo ya cc 2,982 ya kwenye Surf, hapo umetoka kwenye familia. Chukua na gia boksi yake, rejeta yake, waringi yake na kontroli boksi yake, na njia nzuri ni kununua noskati nzima, yaani kipande chote cha mbele cha gari kilichokatwa. Bei inauma, najua, ila jumlisha safari za kufuata kitu kimoja kimoja Dar, basi la usiku kwenda na kurudi kwa ajili ya soketi ya sensa, utaona noskati ilikuwa nafuu. Halafu injini nzito zaidi inalaza springi za mbele na kuchosha breki, mkaguzi analiona hilo kabla hata hujawasha.

Kuna swali huwa naulizwa, kati ya 5L na 1KZ ipi bora kwa huku. Kama gari inashinda Bahi, Farkwa, Mpwapwa ndani huko, inabeba mahindi na mafuta unanunua kwenye madumu, chukua 5L ulale usingizi. Dizeli rasmi ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki tangu 2015 inatakiwa isizidi salfa ppm 50, hiyo ni nzuri, ila dumu la kijijini halina cheti. Na hizi za komoni reli (dizeli za presha kubwa zinazoendeshwa na kompyuta) kama 1KD ndo usiziguse kabisa kwa matumizi hayo, nozeli zake maji kidogo tu kwenye dizeli zimekufa.

Inapiga stata, haiwaki

Kama injini ni ya zamani isiyo na kontroli boksi, mambo ni machache: hewa kwenye mafuta, solenoidi ya kukata dizeli haipati umeme, hita plagi hazipashi, au taimingi ya pampu imeruka jino. Solenoidi unaisikia, washa funguo bila kupiga stata, inatakiwa ilie "tik" kule kwenye pampu. Haijalia, peleka waya wa chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikiwaka basi tatizo ni waringi, acha kufungua pampu ya watu.

Hita plagi zina mtego wake. Toyota walitengeneza za volti 6 na za volti 11 kutegemea mfumo wa relei, ukichanganya, za volti 6 ukizipa 12 mfululizo zinaungua asubuhi ya kwanza, na za 11 kwenye mfumo wa 6 hazipati joto la kutosha, gari inawaka kwa shida na moshi mweupe unajaa mtaa mzima. Kupima ni rahisi, ondoa bati linaloziunganisha juu, chukua taa ya majaribio ushike kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi, inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika. Na kama injini au stata imetoka kwenye gari kubwa aina ya Coaster, angalia volti kabla hujafunga, nyingi zile ni 24.

Injini ya kontroli boksi, kwa mfano 1KZ-TE iliyotoka kwenye Surf ya otomatiki ikaingia kwenye pikapu ya manyuo, mara nyingi saketi ya stata inasubiri ishara kwamba gia iko P au N. Ishara haipo kwa sababu gia boksi ile haipo, stata inakaa kimya. Zinaungwa hizo nyaya, ila aziunge mtu anayesoma ramani ya umeme, sio anayebahatisha rangi. Na za 1KD na 2KD zenye funguo za chipu, ukinunua injini na kontroli boksi bila funguo yake na ile ringi inayozunguka swichi, umenunua pambo. Itapiga stata mpaka betri ife.

Taa ya cheki injini inawaka? Usikimbilie kuazima mashine, gari nyingi za Japani za miaka ya tisini haziongei na hizi mashine za simu. Tafuta kiboksi cha plastiki kwenye injini kimeandikwa "DIAGNOSIS", fungua kifuniko, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Chukua kipande cha waya unganisha TE1 na E1, washa funguo bila kuwasha injini, angalia taa kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Na hiyo 22 inatokea sana kwenye hizi kazi za kuhamisha injini, sababu soketi yake ni ndogo na iko pembeni, inasahaulika au inakatika wakati wa kunyanyua.

Moshi mweusi

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, basi. Swali ni hewa imepungua au dizeli imezidi. Anza na hewa kwa sababu ni bure. Vumbi la huku wote tunalijua, Julai hadi Novemba filta ya hewa inaziba kabla ya muda wowote ulioandikwa kwenye kitabu. Toa filta, washa, kanyaga, moshi ukipungua umepata jibu (usiendeshe hivyo, ni kwa kujaribu tu palepale gereji). Injini ya tabo, kagua mipira kutoka kwenye tabo mpaka manifodi, kwenye kazi za kuhamisha injini wanaungaunga mipira ya saizi tofauti na hosi klipu haibani sawasawa, utaona unyevu wa oili kwenye maungio, hapo ndo panapovujia.

Hewa ikiwa safi, njoo kwenye mwinuko. Hiki kitu hakisemwi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa sehemu moja ya kumi hivi, na ukipanda Singida unaongeza, ni kama 1,500. Injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu lakini pampu yake haijui, inamwaga dizeli ileile iliyopimiwa pwani. Kuna mzee mmoja wa Kibaigwa anabeba mahindi, alinunua 3L, pampu ikapimwa kwenye mashine Dar na ikatoka safi kabisa na karatasi ya vipimo anayo, alipofika huku ikawa ina moshi kila akipanda mlima na mzigo. Ameshabadilisha nozeli, amebadilisha filta, anataka kubadilisha pampu. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, hiyo pampu nzima, imezoea Dar tu. Ilipunguzwa dizeli kidogo, ikatulia.

Inapunguzwaje? Kwenye pampu za Denso za hizi injini za L, nyuma ya pampu karibu na mabomba ya kwenda kwenye nozeli kuna skrubu ndefu yenye nati ya kufunga, ndo inayopima dizeli ya juu kabisa. Mara nyingi utakuta sili yake imeshavunjwa, maana mafundi wetu wanapenda kuikaza ndani ili gari "iwe na nguvu", mteja anafurahi siku ya kwanza. Weka alama ya rangi kabla hujaigusa. Unalegeza nati, unairudisha nje kidogo sana, robo mzunguko tayari ni nyingi, funga, jaribu barabarani na mzigo. Ukipunguza pale sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) nayo inashuka, kwahiyo unarekebisha skrubu ya sailensa baada ya hapo. Ukiona umeipunguza mpaka gari imekufa nguvu na moshi upo bado, rudisha kwenye alama, tatizo ni nozeli zinatapika badala ya kupuliza, au kompresha (mgandamizo ndani ya silinda). Pima kompresha. Injini ya L nzima inakaa kama bar 30, ikishuka 20 huko imechoka, na tofauti kubwa kati ya silinda na silinda ni mbaya kuliko zote kushuka pamoja.

Halafu EGR. Mafundi wengi wakiiona tu wanaikatia kipande cha bati wanaiziba, na ukweli usemwe, moshi mweusi unapungua kweli, kwa sababu vali yenyewe ilishaganda wazi na masizi na ilikuwa inarudisha ekzosi muda wote. Ila EGR kazi yake sio masizi, inapunguza zile oksaidi za nitrojeni zinazokaba kifua mjini, na ukiiziba gari imetoka kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani. Itoe, isafishe na kabureta klina na mswaki mpaka pini icheze kwa kidole, angalia mpira wake wa vakyumu haujapasuka, rudisha. Kuziba na bati badala ya kusafisha ni uvivu tu.

Unajuaje umefika mahali pazuri? Kipimo cha moshi cha mashine kinafanywa hivi, injini ikiwa ya moto, gia huru, unakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mara moja hadi gavana (kinachozuia injini isizidi spidi) iikate, unaachia, unarudia mara kadhaa, mashine inasoma giza la moshi kwenye ekzosi. Wewe fanya hivyohivyo mtu akisimama pembeni na karatasi nyeupe nyuma ya bomba. Pumzi moja nyeusi inayokatika mara moja kwa injini ya zamani isiyo na tabo ni kawaida, ukiona inaendelea kuwa nyeusi muda wote mguu uko chini bado hujamaliza.

Tena naomba usifanye hicho kipimo kabla hujabadili taimingi belti. Injini ya mtumba hujui belti yake ina umri gani, hizi za L na 1KZ zote ni za belti, belti inabadilishwa kwenye kilometa laki moja, na ukiizungusha injini mpaka gavana na belti ya miaka ishirini ikikatika, vali zinapinda. Belti na bearing yake ya kukazia, kabla ya kuinyanyua injini, ikiwa bado iko chini na mkono unafika.

Moshi mweupe

Nusa kwanza. Ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, haijaungua: hita plagi, taimingi ya pampu imechelewa, au nozeli inadondosha. Ikiwa ni asubuhi tu na inaisha baada ya dakika chache, ni hita plagi karibu kila mara. Isipoisha na gari haina nguvu, rudi kwenye alama za belti, jino moja limeruka kwenye gia ya pampu.

Ukinuka utamutamu na maji yanapungua, silinda hedi au gasketi. Hii ndo inayoua 1KZ-TE huku kwetu, hedi yake ni ya alumini na haivumilii kuchemka hata kidogo, inapasuka. Halafu watu wanaifunga kwenye pikapu yenye rejeta ya 2L. Jua la Oktoba, mlima, tani moja nyuma, unategemea nini? Jaribio la kufanya kabla hata ya kulipa: injini ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, muuzaji awashe. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imekaa, vinaisha. Vikiendelea kupanda vidogo vidogo mfululizo kama soda, na ukifunga mfuniko mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu wakati maji bado hayajapata moto, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ondoka hapo, hata akushushie bei nusu.

Na thamostati, jamani. Fundi akiona injini inachemka anaing'oa. Hapo umeficha rejeta ndogo kwa kuifanya injini iwe baridi muda wote, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka, na kwa injini ya petroli yenye kontroli boksi ndo mbaya zaidi, inadhani ni asubuhi siku nzima inaendelea kumwaga petroli. Nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, rudisha, halafu tafuta rejeta ya saizi yake na kava la feni lisilopasuka.

Wa bluu

Ni oili, hakuna ujanja. Ukitoka wakati unaachia mafuta kwenye mteremko ni vali sili, ukitoka muda wote na bomba la kupumulia linapuliza ni ringi, ikiwa ni ya tabo na mipira ya hewa imejaa oili ni tabo. Vali sili unaweza kubadili. Za ringi, rudisha kwa muuzaji kama mlikubaliana, kama hamkukubaliana hiyo ni ovahoo na umenunua injini mara mbili.

Petroli: inanuka, taa haizimiki

Wale wa kutoka 22R ya kabureta kwenda 3RZ-FE ya nozeli, zote za petroli za Toyota, umefanya vizuri, cc 2,693, nguvu nyingi, na kwa moshi ni safi kuliko dizeli yoyote ya umri huo ukiifunga sawasawa. Sawasawa maana yake masega yapo. Injini nyingi za mtumba zinafika bila masega kwa sababu yana madini ya thamani, yanauzwa peke yake, na muuzaji atakwambia "hayana kazi huku kwetu". Yana kazi, petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwahiyo kisingizio cha kwamba mafuta yetu yanayaua kimeshapitwa zamani. Ila yafungwe karibu na manifodi kama yalivyokuwa, ukiyapeleka chini kule nyuma ya kiti yanakaa baridi, na masega ya baridi ni bomba tu.

Ukiwa nayo na bado inanuka, kagua kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni. Pale pa kuchomelea pana tundu dogo, hewa ya nje inaingia, sensa inadanganywa kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, kontroli boksi inaongeza petroli. Fundi anabadilisha sensa, gari inanuka vilevile. Ziba bomba la ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache injini ikiwa sailensa, utasikia inapopulizia.

Pampu ya mafuta ya kabureta haitoshi kwa injini ya nozeli, inahitaji ya presha kubwa na bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki. Na kopo la mkaa la mvuke lisiachwe, ndo linalofanya gari isinuke petroli ikiwa imepaki juani.

Breki zimekuwa ngumu

Umetoka petroli kwenda dizeli. Petroli inavuta vakyumu kwenye manifodi, dizeli haivuti, kwahiyo inategemea pampu ya vakyumu ambayo kwenye injini za L iko nyuma ya altaneta. Ukiletewa injini na altaneta ya gari nyingine isiyo na hiyo pampu, breki utazikanyaga kwa miguu miwili. Usitoe gari gereji hivyo, hata kwenda kununua soda.

Kadi

Dalili: mkaguzi anakataa kujaza fomu, au TRA wanakurudisha. Sababu ni tatu tu na zote ni za siku ya kununua. Huna risiti ya injini wala karatasi ya forodha ilikoingilia. Au namba kwenye bloku imepigwa rasha au haisomeki, na hapo polisi wana haki ya kufikiri ni ya wizi, hata kama wewe ni mtu safi. Au umebadili bloku peke yake na namba ya zamani ukaichonga mwenyewe kwenye bloku mpya ili "ifanane na kadi", hiyo usifanye, ni kesi.

Kwahiyo kabla ya kutoa hela, kwangua uchafu kwa brashi ya waya, isome namba kwenye bloku, ipige picha, mwambie muuzaji aiandike hiyohiyo kwenye risiti pamoja na aina ya injini na cc. Halafu kabla hata ya kufunga, pita ofisi ya TRA uulize orodha yao ya viambatanisho ya siku hiyo, na kwa mkaguzi wa magari wa polisi umwambie unachotaka kufanya. Gari ikiwa imetoka petroli kwenda dizeli sema wazi, mafuta nayo yameandikwa kwenye kadi. Ikiwa ni ya biashara na ina leseni ya LATRA, nao wape taarifa.

Siku ya ukaguzi peleka gari ikiwa ya moto, bonde la injini limeoshwa namba isomeke bila tochi, na usikaze tena ile skrubu ya dizeli ya kwenye pampu njiani ili "ipande vizuri". Kadi mpya ikitoka, simama hapohapo dirishani, soma namba ya injini herufi kwa herufi na ile picha ya kwenye simu, 0 na O, 1 na I zinachanganywa sana, angalia cc na aina ya mafuta, ikiwa kuna kosa wakirekebisha hapohapo ni dakika, ukishafika nyumbani ni foleni upya. Nakala moja peleka kwa wakala wa bima yako, maana ajali ikitokea na bima imeandikwa injini ya zamani, umempa sababu ya kugoma kulipa.